SOKSI MBILI KWA MARA MOJA: HISTORIA YA UFUMAJI KATIKA KIKUNDI CHETU



Tunaposherehekea miaka 10 ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tumeona si vizuri kuandika habari za hisa na marejesho peke yake. Hela ina historia yake, na kazi ya mikono nayo ina historia yake. Kazi iliyotutoa jasho kuliko zote, ikatufundisha kuhesabu na kuvumiliana, ni kufuma soksi. Tena siyo soksi moja moja. Ni soksi mbili kwa mara moja, yaani pea nzima inaanza siku moja na inakwisha siku moja.

Wapo watakaocheka. Watasema, jamani, soksi nazo ni za kuandikiwa historia? Tunawaomba wasome mpaka mwisho, halafu ndio wacheke.

BARIDI YA KWETU

Asiyeifahamu Singida hudhani ni nchi ya jua na upepo tu. Mkoa wetu uko juu, karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tukishavuna mtama, uwele na alizeti, inaingia Juni na Julai, na hapo upepo wa baridi huanza kupiga usiku kucha. Mtu mzima anajifunika blanketi. Je, mtoto aliyezaliwa jana?

Hapo ndipo soksi inapokuwa si pambo. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na aliyezaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5 ndiye anayepoteza upesi zaidi, kwa sababu mwili wake hauna mafuta ya kutosha. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Bogotá, nchini Colombia, Edgar Rey Sanabria, alianzisha utaratibu wa kumlaza mtoto wa namna hiyo kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Siku hizi hata sisi huku tunauita huduma ya kangaroo. Mtoto anakaa kifuani akiwa na nepi, kofia kichwani na soksi miguuni, basi. Kwa hiyo soksi imo katika matibabu yenyewe.

Sasa nenda mnadani ukatafute soksi ya mtoto wa kilo mbili. Utaona soksi za watoto wa miezi sita, utaona za mwaka mmoja. Ukimvalisha mdogo inapwaya, na akipiga teke mara moja imedondoka. Ndio maana baada ya kuzungumza na wakunga na akina mama waliojifungua, kikundi kiliamua kufuma soksi na kofia za wachanga. Msimu wa baridi ndio msimu tunaopumzika jembe, kwa hiyo mikono ilikuwepo.

SOKSI ZILITOKA WAPI

Kabla ya kueleza tulivyojifunza, tuseme kidogo kazi hii ilitoka wapi. Wengi tuliambiwa shuleni kuwa ufumaji ni kazi ya Wazungu. Siyo kweli. Soksi za zamani sana zinazojulikana zilitoka Afrika, huko Misri. Ziko soksi nyekundu za sufu zilizookotwa Bahnasa, ambazo wataalamu wanasema ni za karne ya 3 hadi ya 5. Zimegawanywa kidole gumba upande wake ili zivaliwe na ndara. Hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kama ya kushonea. Baadaye, baada ya mwaka 1000, huko huko Misri walikuwa wanafuma soksi za pamba nyeupe na buluu kwa sindano ndefu, namna tunayofuma sisi leo. Kwa hiyo mama wa Singida akishika sindano asijione amevaa nguo ya kuazima.

Kutoka huko kazi ilienea Ulaya. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, wa kijiji cha Calverton, alibuni mashine ya kufumia soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kulinda uvumbuzi wake, akiogopa maskini waliokuwa wanaishi kwa kufuma watakosa kula. Lee akahamia Ufaransa. Mashine haikufa, ilienea tu. Tunaitaja habari hii kwa sababu maneno yale yale tunaambiwa hata sisi: mashine ipo, mnahangaika nini? Tutajibu mbele.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, wanawake wa Uingereza na Marekani walifuma soksi nyingi mno za askari, maana miguu ya askari iliyolowa mahandakini ilikuwa inaoza. Kwa hiyo si mara ya kwanza akina mama kuokoa watu kwa soksi.

UFUMAJI ULIVYOFIKA KWETU

Hapa kwetu bibi zetu walikuwa mafundi wa kusuka, siyo wa kufuma. Walisuka vikapu na nyungo, na mtu alitambulikana kwa mkono wake. Kondoo wetu wana nywele fupi, hawana sufu ya kukata na kusokota. Kwa hiyo uzi wa kufumia ulikuwa mgeni.

Ufumaji wa sindano uliingia na misheni, za Walutheri kule Iramba, za Wakatoliki Unyaturu, na za Waanglikana upande wa Kilimatinde, Manyoni. Wasichana walifundishwa kushona, kudarizi na kufuma. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni nayo ikahimiza klabu za wanawake katika Tanganyika, na jirani zetu Kenya wakaanzisha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Huko kote somo lilikuwa lile lile: usafi, mapishi, kushona, kufuma.

Tulipopata Uhuru, mwaka 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao baada ya Muungano ukawa wa Tanzania, na Bibi Titi Mohamed ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama zetu wengi wakashika kalamu kwa mara ya kwanza. Sisi tuliofuata tulisoma shule za msingi wakati wa Elimu ya Kujitegemea, tukawa na somo la sayansi kimu. Sindano za chuma zilikuwa adimu, basi tulitumia spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Uzi tulifumua kwenye sweta kuukuu. Mtu akimaliza kitambaa, kinafumuliwa apewe mwingine ajifunzie.

Kuanzia mwaka 1984, biashara ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa, mitumba ikaanza kumiminika. Sweta la mtumba likawa rahisi kuliko uzi wa kulifumia. Sindano nyingi zikawekwa juu ya dari. Zilikuwa bado huko wakati kikundi chetu kinaanza.

TATIZO LA SOKSI YA PILI

Kikundi kilinunua uzi kwa mkopo kutoka kwenye sanduku letu wenyewe. Kila mama aligawiwa uzi, akafume, auze, arejeshe na riba kidogo. Ilionekana rahisi. Sindano zikashushwa darini, spoku zikanolewa upya.

Ilipofika siku ya kukusanya kazi, kikapu kilijaa soksi, lakini pea zilikuwa chache. Huyu kaleta moja, yule moja. Za kulia bila za kushoto, ingawa soksi haina kulia wala kushoto! Na waliokamilisha pea, wengine soksi zao zilikuwa moja ndefu moja fupi.

Tulikaa chini tukachambua, bila kumnyooshea mtu kidole. Tukaona sababu ni tatu.

Ya kwanza ni uchovu. Soksi ya kwanza inafumwa na hamu, ya pili inafumwa na wajibu. Mtu akishaona kisigino kimegeuka anajisikia amemaliza, kumbe yuko nusu ya safari.

Ya pili ni kukatizwa. Mama hafumi kutwa. Anafuma mizunguko kumi, anaitwa na maji, anaitwa na mgonjwa, anaitwa na msiba. Akirudi wiki mbili baadaye hakumbuki soksi ya kwanza ilikuwa na mizunguko mingapi, wala kama mkono wake siku ile ulikuwa unabana au umelegea.

Ya tatu, na ndiyo iliyouma mfuko, ni uzi. Soksi ya kwanza inakula uzi bila mtu kuona. Ukifika ya pili, uzi unaishia kwenye vidole. Huwezi kuuza soksi isiyo na vidole, wala huwezi kuuza soksi moja. Hela imefungwa hapo, na mkopo unadai.

Tujue hapa palikuwa na nini. Sanduku lilikuwa ni akiba ya wajane, ya wauza vitunguu, ya mama mwenye mtoto sekondari. Wapo waliosema mradi ufungwe na uzi uliobaki uuzwe tu. Kama mradi ungefungwa siku ile, wengine wangetoka na hisa zao, na kikundi kingekufa mwaka wake wa tatu.

NJIA YA KWANZA: SOKSI NDANI YA SOKSI

Mama mmoja katika kikundi, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetuambia kwamba kuna watu wanafuma soksi mbili pamoja. Alikuwa amesoma katika riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy iitwayo Vita na Amani, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1869. Humo yumo mlezi mmoja mzee, Anna Makarovna, anayefuma soksi mbili kwenye sindano zile zile, moja ndani ya nyingine. Akimaliza, anaichomoa moja toka tumboni mwa mwenzake mbele ya watoto, nao wanashangilia. Tulisema ni hadithi tu. Mwalimu akasema hadithi, lakini jambo lenyewe lipo.

Tukajaribu, maana njia hii haitaki kifaa kipya. Ni spoku zile zile. Unakuwa na madonge mawili ya uzi. Vitanzi kwenye sindano vinapokezana: kimoja cha soksi ya nje, kimoja cha soksi ya ndani, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mzunguko. Cha nje unakifuma kawaida kwa uzi wake, cha ndani unakifuma kinyume kwa uzi wake. Ukifuma cha nje nyuzi zote mbili ziwe nyuma, ukifuma cha ndani nyuzi zote mbili ziwe mbele. Ukipitiliza mara moja tu ukatumia uzi wa mwenzie, soksi mbili zimeshikana, hazichomoki tena.

Kwa hiyo tulijifunza kwa nyuzi za rangi mbili, nje nyekundu, ndani nyeupe. Weupe ukitokeza nje unajua umekosea wapi. Na kila baada ya mizunguko michache unapitisha kidole katikati ya soksi mbili. Kidole kikipita huru, endelea. Kikigota, fumua.

Ilikuwa kazi ya kimya. Akina mama waliozoea kupiga soga walinyamaza kama wako kwenye mtihani wa darasa la saba. Lakini siku ya kwanza soksi nyeupe ilipochomolewa kutoka ndani ya nyekundu, nzima, urefu sawa, vigelegele vilisikika hadi barabarani. Waliotaka mradi ufungwe wakaomba wapewe uzi.

NJIA YA PILI: SINDANO NDEFU YENYE WAYA

Njia ile ilitufunza, ila ilikuwa inachosha macho, hasa sisi tuliovuka miaka hamsini na taa zetu za sola. Ndipo binti wa mwenzetu akatutafutia kwenye simu, akatuonyesha wenzetu wa Marekani wanavyofanya. Mwaka 2001 Cat Bordhi alitoa kitabu cha kufuma soksi kwa sindano mbili zenye waya. Mwaka 2002 Beverly Galeskas alitoa kijitabu cha mtindo wa Sarah Hauschka, wa kutumia sindano moja tu yenye waya mrefu, ambao sehemu ya waya inavutwa nje kama kitanzi. Sindano yenyewe ni ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, urefu kama meta moja. Tukaagiza chache kutoka Dar es Salaam, zikawa mali ya kikundi, mtu anaazima kwa kuandikisha.

Tunaeleza hapa kwa faida ya kikundi kingine kitakachopenda kujaribu. Kipimo ni cha mtoto mchanga wa kawaida. Kwa njiti tunapunguza.

Kwanza, pima uzi kwenye mizani ya dukani, ugawe madonge mawili yenye uzito sawa. Usikadirie kwa macho.

Pili, anza kila soksi peke yake kwa sindano fupi, vitanzi 32, mizunguko miwili. Kisha hamishia zote mbili kwenye sindano ndefu, zikae jirani. Kila soksi inagawanyika: vitanzi 16 upande wa mbele, 16 upande wa nyuma.

Tatu, fuma mbele ya soksi ya kwanza kwa donge lake. Liache. Shika donge la pili, fuma mbele ya soksi ya pili. Geuza kazi, vuta waya. Sasa fuma nyuma ya soksi ya pili, halafu nyuma ya soksi ya kwanza. Huo ndio mzunguko mmoja, na soksi zote mbili zimepanda hatua moja.

Nne, shingo ya soksi ifumwe viwili kawaida, viwili kinyume, ili ibane mguu bila kuumiza.

Tano, kisigino hufumwa kwa vitanzi 16 vya upande mmoja, mistari 16 ya kwenda na kurudi, kila soksi na uzi wake. Ukigeuza kisigino, 16 vinabaki 10. Okota vitanzi 8 kila pembeni. Ukijumlisha na 16 vya juu ya mguu unapata 42. Punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja, mara tano, mpaka urudi 32. Hesabu isipokubali, usiendelee.

Sita, fuma unyayo mpaka soksi ikaribie upana wa kiganja cha mama, kisha punguza vidole na ufunge. Geuza soksi ndani nje, ukate kila uzi unaoning'inia, maana uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukakikaba damu.

Faida yake ni hii. Ukiitwa na msiba, unaacha soksi mbili zilizo sawa, na ukirudi unakuta soksi mbili zilizo sawa. Mkono ukibana leo, umebana zote. Uzi ukielekea kwisha, unauona kwenye zote mbili, unafupisha zote mbili, na pea inauzika. Na ukimaliza, umemaliza. Hakuna ya pili inayokusubiri.

UPATU NA SANDUKU

Katika mikutano yetu wapo waliosema kufuma huku kunafanana na historia ya akiba yenyewe. Tunaona wana haki.

Zamani tulicheza upatu. Upatu ni mzuri, tusiukebehi, umejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini upatu ni soksi moja moja: wa kwanza anapata leo, wa mwisho anasubiri, na katikati mmoja akikwama, wa mwisho anabaki na mguu mmoja. Mfumo wa hisa na sanduku ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, ukafika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sisi tunauita VICOBA. Humu wote tunapanda hatua moja kila wiki. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu, na mgawo unafanyika siku moja kwa wote.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi kama vyetu. Mwaka huo huo ikawekwa kisheria kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023, ikarejea mwaka 2024. Kipindi kile cha katikati kilitufundisha kwamba mkopo wa nje ni mvua, ila sanduku ni kisima. Na uzi wa soksi hatukuacha kuununua hata wiki moja.

TUNAKOKWENDA

Sasa tujibu swali la mashine. Ni kweli, soksi ya mashine ni rahisi kuliko yetu, na hatushindani nayo kwa bei. Tunafuma ile ambayo mnada hauna: ya mtoto mdogo kabisa, yenye kubana shingoni, isiyodondoka. Mama mwenye mtoto mkubwa tunamwambia wazi akanunue ya dukani. Kwa namna hiyo kila mtu ana riziki yake.

Kazi iliyobaki si ndogo. Sindano ndefu hazitutoshi. Wasichana wetu wanajua simu kuliko spoku, na tungependa washike vyote viwili. Tumepanga kila mwanachama afundishe mtu mmoja msimu huu wa baridi, awe binti, mkwe au jirani, na aanze naye kwa rangi mbili.

Tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao pea zao walizoacha kwenye sindano tulizimalizia sisi. Tunawashukuru waume zetu waliovumilia nyuzi kitandani, na wakunga wanaotuambia ukweli kuhusu kazi yetu, hata inapopwaya. Akina mama wa vijiji vya jirani wanaotaka kujifunza wanakaribishwa siku yoyote ya mkutano. Waje na spoku nne au tano zilizonolewa na madonge mawili ya uzi, rangi mbalimbali. Chai ipo.